Kangaga la Nyuma ya Bafu

Baba hakuwa mtu wa maua. Zawadi zake kwa mama zilikuwa jembe, sufuria, na mara moja mwavuli, ambao aliutumia mwenyewe. Kwa hiyo siku aliyorudi kutoka mtoni na kangaga ndani ya kopo la rangi, mama alilipokea kwa mikono miwili. Akaliweka nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Vikonyo vyake vilikuwa vyeusi, vyembamba kama unywele, na tone la mvua likiangukia jani lake lilitiririka likaliacha kavu. Baba alisema amelitoa kwenye jiwe lenye maji, jua lisikofika. Maelezo yakaishia hapo.

Baba alipofariki, mama akawa analiangalia lile kopo kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Mimi, mwenye stashahada ya kilimo, nikaona nisaidie. Nikalihamishia barazani lipate jua na wageni walione. Nikalitia samadi. Hazikupita wiki mbili likaanza kusinyaa. Nikageuza majani: chini, ukingoni, yalikuwa na vidoa vya kahawia. Nikatangaza kwamba ni kutu, kama ile ya maharage. Nikakata kila jani lenye kidoa, nikayatupa nyuma ya bafu la nje, maji yanakotokea. Kilichobaki kikafa chenyewe.

Mama hakunigombeza. Aliacha tu kunibakizia ndizi. Afadhali angenichapa, maana niliumia, nasema kweli.

Mwaka uliofuata akaniita nyuma ya bafu. Kwenye ufa wa mawe, penye kivuli na utelezi wa kijani, palikuwa na vikonyo vitatu vyeusi, ncha zimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Kangaga halina ua wala mbegu. Huzaa kwa vumbi lililomo kwenye vile vidoa, ile kutu yangu. Jambo hilo limo kwenye daftari langu la chuo, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mama alichuchumaa kwenye maji ya sabuni, akagusa kikonyo kimoja kwa kidole. "Ndaga," akasema, yaani asante, kwa Kinyakyusa. Hakuwa ananiambia mimi.

Nikaenda kuleta kopo na kisu. Niliporudi nilimkuta amesimama, ameziba njia.

"Liache hapo hapo, baba," alisema. "Wewe umesoma."