Wa Kwanza Mashineni

Mtaa mzima ulimwita Pilipili, tena mbele ya uso wake, naye hakukasirika hata siku moja. Aliona ni sifa. Alikuwa msusi. Alisukia barazani kwake, mteja kamweka chini katikati ya magoti, vidole vinakwenda na mdomo nao unakwenda. Ukichelewa, utapashwa. Ukitikisa kichwa, utagongwa na chanuo. Na bado wateja walirudi, kwa sababu misuko yake ilikaa, haifumuki ovyo. Walikuja kununua misuko, na matusi wakayapata bure.

Binti yake, Kidoti, ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lake. Kwa muda mrefu mtoto huyo alikuwa tumbo limevimba, mikono vijiti, choo hakimkai, darasani analala. Walimpa dawa za minyoo mpaka minyoo yenyewe, kama ilikuwepo, ilichoka. Mwisho hospitali ikatoa jina: siliaki. Mtaalamu wa lishe aliwaeleza wazazi taratibu. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, ndicho kinachofanya donge la unga livutike bila kukatika. Shayiri nayo inacho kama hicho. Matumbo ya Kidoti hayakitaki kabisa, kikiingia hata chembe yanavimba na kushindwa kunyonya chakula, ndiyo maana mtoto anakula na bado anakonda. Dawa yake ni kuacha, basi. Lakini asiishie kushindiliwa wali mweupe na chai. Apewe uji wa ulezi na mtama, maharage, karanga, mayai, samaki, mboga za majani na matunda, maana damu imepungua na mifupa inadai.

Pilipili alilivalia njuga. Alitupa sufuria za zamani, akanunua mpya, akamtengea mtoto kijiko, sahani na kikombe. Mkate ukapigwa marufuku ndani ya nyumba. Mumewe, fundi mabomba, mtu wa kukaa kimya, akawa anakula mkate wake nje ya geti amesimama, kama mtu anayejificha kuvuta sigara, na akirudi ndani anaoshwa mikono mbele ya macho.

Na jambo jingine alilikataza: siri isitoke nje. "Watu wa hapa nawajua," alisema. "Ukiwaambia mtoto hali ngano, jioni utasikia amelogwa." Kwa hiyo hakuna jirani aliyejua.

Miezi ikapita, na Kidoti hakunenepa. Kliniki wakapima damu tena, mtaalamu wa lishe akakunja uso. "Mama, kuna ngano inaingia mahali. Tafuta."

Lo! Kumwambia Pilipili atafute mkosaji ni kumtuma mlevi baa. Siku hiyo hiyo alimgeukia mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa na tabia ya kupita mchana kumwona mjukuu, na mfukoni hakosi kitu. Pilipili alimsimamisha mlangoni, wateja wanatazama, akampekua mfuko. Akakuta mayai mawili ya kuchemsha na dawa ya mgongo.

"Mkate umeshampa njiani," Pilipili alisema.

"Mimi? Mimi nimlishe sumu mjukuu wangu?"

"Nani mwingine anayeingia hapa?"

Bibi alichukua mayai yake, akayarudisha mfukoni moja moja. "Mama Kidoti, umenivua nguo mbele ya watu. Nikikanyaga tena hapa, nitakuwa nimeitwa na mwanangu." Akampa kisogo. Pilipili alirudi kusuka, roho kwatu, akijua kazi imekwisha. Mtoto sasa angepona.

Hakupona. Na hapo ndipo wifi yake, dada mkubwa wa fundi, alipopata mlango wa kuingilia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye watoto wanene, na hakuamini habari ya siliaki hata kidogo. Kwake yeye mtoto akikonda ni njaa. "Nitamchukua mimi," alitangaza. "Nitampa maziwa na mkate kama watoto wa watu. Jumapili tunakutana, tunalimaliza." Fundi mabomba alisema "sawa", maana hilo ndilo neno alilokuwa nalo siku zote. Pilipili hakulala vizuri tena. Mkate! Miezi michache ya mkate wa wifi na Kidoti angekuwa wa kubebwa.

Sasa niwaambie habari ya mashine. Ulezi na mtama wa Kidoti ulisagwa kwa msagaji wa kona ya soko, mtu mweupe wa vumbi mpaka kwenye kope. Pilipili alikuwa na sheria yake pale: lazima awe wa kwanza, mashine ikifunguliwa tu. "Sitaki unga wangu ufuate uchafu wa mtu!" alikuwa akipiga kelele, ndoo mbele, kiwiko kimemtangulia. Wanawake wote wa foleni walimpisha. Hawakubishana hata kidogo, walisogea na kuangalia chini. Alidhani wanamwogopa, na alilipenda hilo, tusidanganyane.

Asubuhi ya Jumapili yenyewe alichelewa, kwa kugombana na mteja aliyetaka kusukwa kwa mkopo. Alipofika mashineni alimkuta msichana mgeni ameinua ndoo amwage, na mama mmoja mzee wa foleni amemshika mkono.

"Subiri, mwanangu, usiwe wa kwanza. Pilipili anakuja, mwachie yeye."

Wenzake wakacheka. Kisha wakamwona Pilipili, wakaacha.

"Kwa nini asiwe wa kwanza?" Pilipili aliuliza.

Wakaangalia ndoo zao.

"Nauliza! Kwa nini?"

Msagaji akapangusa uso kwa mkono, akazidi kuupaka. "Kwa sababu wa kwanza ndiye anayeifagia mashine, mama. Jana jioni tumefunga na ngano ya mwoka mikate. Jioni zote tunafunga naye. Inabaki kwenye vyuma, kwenye chekeche, kwenye mfuko. Asubuhi inatoka na unga wa yule aliyetangulia. Kila mtu hapa anajua."

"Mnajua! Na mkaninyamazia?"

"Wewe ulitusalimia lini?" yule mama mzee akamjibu.

Pilipili alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa tusi. "Mwanangu ngano inamuua."

Walimtazama. Hakuna aliyemkumbatia, msitegemee hivyo. Mama mzee alisema, "Tungejuaje sisi? Ulituambia?" na sauti yake ilikuwa kali vilevile, ila mkono wake sasa ulikuwa mdomoni. Msagaji akamrudishia ndoo. "Hata nikikuweka wa mwisho, mama, haisaidii. Ngano haiishi humu. Mimi mwenyewe naivuta puani. Kama ni hivyo, kwangu usilete tena."

Alirudi nyumbani na nafaka yake nzima. Njia nzima alitafuta wa kumlaumu. Alijaribu msagaji, akajaribu mwoka mikate, akawajaribu wale wanawake mmoja mmoja, na kila aliyemshika alimponyoka. Mikono iliyokoroga uji ule kila asubuhi ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimbembeleza mtoto, "malizia, mama, malizia, upate nguvu." Alisimama kando ya barabara, akaweka ndoo chini, akalia kwa hasira mpaka kamasi zikamtoka.

Mchana kikao kikakaa. Wifi alikuja na begi tupu la nguo za Kidoti. Mama mkwe aliitwa na mwanawe, akaja, akakataa kiti, akakataa maji, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango kama mtu anayepita tu. Fundi mabomba aliangalia viganja vyake. Kidoti alikuwa mlangoni mwa chumba, amejishika tumbo.

"Mimi sina maneno mengi, wifi," wifi alianza, na kama kawaida ya wasio na maneno mengi, aliongea sana. "Umemnyima mtoto ngano miezi yote hii. Amepona? Hajapona. Basi si ngano. Hospitali wamekudanganya, na wewe umemshindisha mtoto njaa. Begi hili hapa."

Hapo ndipo Pilipili alipobanwa. Angeweza kumtupia mama mkwe tena. Angeweza kusema ni majirani wenye roho mbaya, na ungekuwa nusu ukweli. Lakini maneno ya wifi yalikuwa na mantiki yake. Kama mtoto kweli aliacha ngano na bado anaumwa, basi mkate hauna kosa, na kesho angeanza kuula. Kulikuwa na njia moja tu ya kuusimamisha ule mkate.

"Hajaacha ngano," alisema.

"Unasemaje?"

"Hajaiacha hata siku moja. Nimempa mimi." Akawaeleza habari ya mashine, foleni, ngano ya jioni, na kiwiko chake. Hakujipunguzia kitu. Wifi alibaki na begi mapajani.

Mama mkwe ndiye aliyesema. "Rudia."

"Mama, umesikia."

"Sijasikia. Nani alikuwa anampa mjukuu wangu ngano?"

"Mimi, mama."

"Si mimi?"

"Si wewe. Ni mimi."

Bibi alimtazama, na macho yale hayakuwa na msamaha hata wa kuonja. Kisha akamgeukia binti yake. "Funga begi lako. Mtoto haendi kwako kulishwa mkate." Akamgeukia mwanawe. "Wewe, inuka, katafute mashine ndogo ya mkono, mpya, isiyoguswa na mtu. Nafaka nitachagua mimi, nitasaga mimi. Nahamia hapa leo."

"Mama, kitanda chenyewe..." Pilipili alianza.

"Sijakuuliza kitanda. Lete ungo."

Alimletea. Bibi alimimina mtama wa kwenye ndoo, akapeta mara kadhaa, akaanza kutenga kwa kidole. Haukupita muda akasimama. Alichomoa punje moja ndefu, yenye mfereji katikati, akaiweka kwenye kiganja cha mkwewe. Ngano. Kisha akapata nyingine. Ilitoka huko huko sokoni, imechanganyika kwenye gunia.

Pilipili aliziangalia zile punje kiganjani. Alivuta kigoda, akakaa upande wa pili wa ungo, akaingiza vidole.

"Sijakwambia ukae," mama mkwe alisema.

"Sikuomba ruhusa."

Wakaendelea kuchagua, bila kutazamana, mpaka ungo ukaisha, kisha wakamimina mwingine.