Namna remorque yangu iligeuka nyumba juu ya règlement ya parking, Butembo wakati ya vita

Wakuu, jambo kwenu bote, benye muko Butembo, benye muko Beni, na benye mulikimbilia mbali mukatusahau.

Nimesoma humu kijana mumoja analia, asema mairie, ofisi ya muji, imemukataza kulaza camion yake mu parcelle, kwake nyumbani. Pole sana mwanangu. Nimelia pamoja na wewe, karibu nikose kula.

Sasa ikala chini, muzee akuambie règlement ya parking ya kweli.

Mimi sikusoma mingi, français yangu niliiokota mu barabara. Lakini hii niliiona na macho yangu. Kama kuko uongo ndani, iko ule wenye nilisema mimi mwenyewe siku ile, na nitawaonyesha pale uko.

Mimi nilianza na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, nikipakia maharagi kutoka Kirumba mpaka Butembo. Hakuna mujomba alinisaidia. Nikapata camion, lori ya kweli, nyuma yake nikafunga remorque, kitanda kirefu cha chuma chenye kukokotwa. Hakuna mutu alinipa hata boulon moja. Muandike ile.

Rébellion ikafika, baasi bakashika muji.

Bakubwa bapya bakaikala mu bureau, na kitu ya kwanza yenye ilibakosesha usingizi haikukuwa mayi, haikukuwa barabara, haikukuwa batu benye balikuwa banakufa. Ilikuwa parking.

Bakatangaza ku radio: véhicule yote hapana kulala tena mu parcelle ya batu, inaharibu uzuri ya quartier, ya mutaa. Kila mutu apeleke yake ku kiwanja, basoda batailinda.

Uzuri ya quartier! Kwetu kulikuwa mashimo ya kumeza mbuzi, na ku kila baraza familia ya bakimbizi na masufuria yao. Lakini camion yangu njo ilikuwa inachafua.

Basi mimi raia mwema nikapeleka camion. Remorque nikaiacha nyumbani kwanza, juu nilikuwa ninaipaka rangi.

Basoda bakailinda camion muzuri sana. Baliilinda mpaka Beni, bakaendelea kuilinda kule mbele kwenye vita, na kule ikaungua. Nilipoenda kuulizia, bakanipatia clé, funguo ya camion. Clé peke. Nikasema aksanti, juu hata clé ingeweza kupotea.

Ikabakia remorque.

Wakuu, musikie muzuri hapa. Mutu mwenye remorque anaweza kutafuta mwenye camion, bakatumika pamoja. Mutu asiye nayo anaregea ku chukudu, na magoti yangu ilikuwa imeshakataa. Ile chuma njo ilikuwa maisha yenye ilibakia.

Hawakukawia. Radio ikasema tena: na remorque pia, hata ile haina camion. Nayo inahitaji usalama, masikini.

Bibi yangu, Mama Kambale, akaniangalia:

— Baba Kambale, unangojea bakuletee clé ya pili?

Nikatosha pneus, magurudumu zote, nikazificha mu depot chini ya maganda ya kahawa. Remorque nikailalisha juu ya mawe. Nikaweka mabati juu, mbao pembeni, mulango mbele. Nikajipongeza.

Bibi yangu akacheka.

— Nyumba gani haina moshi? Basoda beko bajinga, lakini hapana hivyo. Tia mutu ndani.

Akaenda ku kanisa ya Baprotestanti, kule bakimbizi balikuwa banalala, akarudia na Mama Masika. Mujane, alitoka Kamango na mimba, na batoto na mama mukwe wake, na sufuria moja ilipasuka shikio. Mimi Mukatoliki, tangu ile siku nikaamshwa na nyimbo zao kila asubui mbele ya kuku. Nilivumilia. Ilikuwa ni nyimbo za kuokoa remorque.

Siku commandant alikuya na chef de quartier, nilikuwa ninanoa panga, nikaendelea kunoa.

— Muzee, remorque eza wapi?

— Remorque gani, commandant? Hapa kuko nyumba.

Akapiga ubavu wa ile nyumba na fimbo. Ikalia ngaaa, mutaa wote bakasikia.

— Nyumba ya chuma?

— Kila mutu anajenga na yenye Mungu alimupatia.

Nilisema vile na kifua mbele, nikajaribu makali ya panga na kidole.

Mulango ukafunguka. Mama Masika akatokea na ufagio mu mukono, akamutazama commandant kuanzia kofia mpaka chini.

— Karibu, baba. Lakini utoshe bilato. Sasa hivi njo nimefagia.

Basoda bakageukia upande ingine, mabega inatikisika. Chef de quartier akaanza kusoma mawingu.

Na commandant akatosha bilato, viatu vyake vya kisoda! Kidole kikubwa kilitoka mu soksi, kinasalimia batu. Akaingia, akaikala, mama mukwe akamupatia ndizi ya kuchoma na chai. Alipotoka, midomo inangaa mafuta, akamuambia chef:

— Iko nyumba.

Mutaa mzima, mimi peke nilibakia na remorque. Bengine banaonyeshana clé zao mpaka leo.

Sasa, myaka ikapita, vita ikapungua. Nikakutana na mutu wa Beni mwenye camion nzima, hana remorque. Anasema, muzee leta yako, tuanze. Mulango wa maisha huo, umefunguka mbele yangu.

Nikaenda kwa chef de quartier, nijulishe kama ninapandisha remorque yangu ku barabara.

— Papa, remorque gani? akasema. Mbele ya commandant ulitangaza iko nyumba. Nyumba haitembeake.

Anacheka, mujinga ule. Nikamuambia itatembea kesho.

Asubui nikafika na Kakule, mécanicien wangu, cric ya kuinulia gari mu mukono, na pneus zinanuka kahawa.

Mama Masika hakulia, hakutukana. Afazali angenitukana, mimi ninajua kujibu. Alisema tu:

— Sawa, Papa. Utuache kwanza tutoshe bitu.

Bakaanza kutosha. Sufuria. Mikeka. Mama mukwe, bakamubeba na kiti chake, juu miguu yake haikutembea tena. Kitambaa cha mulango. Picha ya bwana yake, ilikuwa imepigwa musumari ku chuma yangu. Mutoto mwenye alizaliwa pale pale ku Butembo, hajajua kama kuko nyumba za matofali, akabeba jiwe la mulango akiuliza: "Hii na yenyewe inaenda?"

Njia ya Kamango ilikuwa bado haipitike. Bote tulijua. Majirani balisimama ku kibambazi, ku ukuta, banaangalia. Mutu anajua Butembo anajua: batu bakinyamaza, iko mubaya kuliko batu bakipiga kelele.

Nikaingia chini ya remorque na cric. Nikaangalia chuma, chuma ikaniangalia.

Nikatoka, nikasema na sauti kubwa:

— Essieu imekufa.

Wakuu, ule uongo nilibaahidi, njo huu. Ile essieu, chuma yenye kushika magurudumu, ilikuwa mzima kuliko mimi.

Kakule akainama, akaangalia chini ya remorque. Alikuwa anangojea hii kazi kwa njaa. Akajipangusa mikono.

— Ndiyo, patron. Imekufa kabisa. Hata Kampala hawawezi kuitengeneza.

Mama Masika akageuka, akamuambia mutoto wake:

— Rudisha jiwe.

Pneus nilipatia ule mutu wa Beni, akatafuta chuma kwingine. Mimi nilianza tena na duka ya misumari, na leo niko namna niko, hakuna wa kunihurumia.

Fundisho: serikali ikijali sana gari yako ilale wapi, uliza nani ataamuka nayo. Na kama utasema uongo kwa askari, chagua ule wenye utaweza kuishi nao, juu ule wangu uko mu parcelle mpaka leo, unaimba kila asubui.

Munipe maoni. Kwenu vita ilificha nini, na ilirudia namna gani? Lakini bamécanicien, musinifundishe kama essieu hapana kufa ikiwa imelala. Ile sikuuliza.