Stovu Nzito

Baba yangu aliuamini uzito kuliko alivyoyaamini macho yake. Kuna siku namsamehe, kuna siku simsamehi, na leo naandika bila kujua ni siku ipi.

Miaka ya sitini na sabini alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba, upande wa Shinyanga. Wakulima wajanja walificha mawe katikati ya pamba ili furushi lizidi uzito, naye aliwakamata kwa kuingiza mkono mpaka kwapani. Tulipohamia Nyarugusu kwa wajomba zangu tukakuta watu wanapima dhahabu kwa vimizani vinavyotikiswa na pumzi. Pamba mizani, dhahabu mizani. Basi nani angetuambia kwamba kitu kizito kinaweza kuwa cha hovyo? Mtu akitaka jembe, sufuria au pasi ya mkaa, alimwomba kwanza baba ainyanyue. Baba alikishika kitu kwa mkono mmoja, akafumba macho, akakipandisha na kukishusha mara mbili. "Chukua," alisema, au "Rudisha." Sikuwahi kusikia mtu akimbishia.

Stovu yetu ya kwanza, ile ya kupampu, ilikuwa ya shaba na aliipitisha hivyo hivyo. Ilidumu tangu nikiwa darasa la pili mpaka nilipoolewa. Kilichokufa kilikuwa ngozi ya pampu tu, na mama aliibadilisha mwenyewe kwa kukata kiatu chakavu na kukilowesha mafuta. Siku ya kuolewa alinipa niende nayo. Nilikataa. "Chukua, ng'wana wane," aliniambia kwa Kisukuma chetu, mwanangu, "sisi tutanunua nyingine."

Nyingine ipo wapi? Miaka ile maduka yalibaki na rafu na vumbi. Kiwanda cha hapa nchini kilichotengeneza stovu kama ile kilizorota, vipuri vikawa hadithi. Mama akarudi kwenye mafiga na kuni mbichi, akakohoa masika yote. Mimi niliishi ng'ambo tu ya uwanja wa mpira, na kila nilipowasha stovu yake niliona aibu.

Kisha, katikati ya miaka ya themanini, bidhaa za nje zikaruhusiwa, na duka la senta yetu likajaa kwa mkupuo. Stovu zilikuja zimepakwa rangi nyekundu, nembo ni ile ile ya zamani. Niliishika moja, nikaona mshono wa tangi umelehemiwa juu juu. Nikamuuliza mwenye duka kama kile kiwanda kimefufuka.

"Jina ndilo limefufuka," alisema bila wasiwasi. "Siku hizi wanawapa watu wa nje kazi ya kutengeneza, wao wanabandika nembo. Ndiyo maana zimekuwa rahisi. Za shaba nani ataziweza?"

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile ilijitembeza kwa rangi yake. Lakini baba, niliyekuwa naye pale dukani, alikuwa ameshainyanyua. Alifumba macho, akaipandisha, akaishusha. "Hii ni nzito kuliko ya shaba," alisema, na uso wake ulijaa furaha ya mtu anayetaka kumpumzisha mkewe na moshi. "Chukua." Niliuona ule mshono, nami nikanyamaza.

Habari ikaenea. Ndani ya miezi miwili wanawake wengine sita walileta zao zinyanyuliwe, na zote sita baba alizipitisha.

Asubuhi moja nilipita kumwamkia mama, nikamkuta amechutama, anapangusa tangi kwa kitambaa. Jiko zima lilinuka mafuta ya taa.

"Inatoa jasho kidogo," alisema. "Nikishaifuta haina neno."

"Umemwambia baba?"

"Nimwambie nini? Kwamba mkono wake umedanganyika?" Alicheka, akakikamua kile kitambaa. "Usimwambie na wewe. Mwanaume akishazeeka anabakiwa na neno lake tu."

Nikanyamaza mara ya pili. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi la mkuu tulilisikia vizuri sana.

Ilikuwa mchana, siku kama ya tano baada ya hapo. Nilisikia mshindo mdogo tu, kama mlango uliobamizwa na upepo, na hata sikuinuka. Nilipoona watu wanakimbia ndipo nilipojua ni kwetu. Mshono ulikuwa umefunguka wakati mama anapampu, mafuta yakamrukia na moto wake. Majirani walimviringisha kwa gunia lililoloweshwa. Alikuwa hapigi kelele, aliishikilia mikono yake mbele yake kana kwamba amebebeshwa kitu, na mpaka leo nikifumba macho naiona. Alipelekwa hospitali ya misheni juu ya lori la magogo ya mgodini. Mama alipona, ila vidole vya mkono wa kulia viliungana. Siku zile hatukujua kama atapona.

Baba alirudi nyumbani kutoka hospitali siku ya pili, mimi nikamfuata. Hakula. Aliyachukua mabaki ya stovu, akaketi nayo uani na tindo na nyundo, akaipasua kitako. Chini ya bati kulikuwa na bati la pili, na katikati yake saruji, imesindiliwa vizuri na kusawazishwa. Kuta za tangi zenyewe zilikuwa nyembamba, nilizikunja kwa vidole.

"Mawe kwenye pamba," alisema.

Ningemwonea huruma. Badala yake nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: "Mama alijua inavuja. Aliuogopa mkono wako." Na mimi je, niliogopa nini? Hilo sikulisema. Baba alikiweka chini kile kipande cha saruji, akauliza, "Nilinyanyua ngapi?"

"Sita, mbali na yetu."

Tukatoka saa ile ile. Nyumba nne hazikutusumbua. Walikuwa wamesikia habari za mama na stovu zilikuwa zimeshatolewa nje. Ya tano wenyewe walikuwa shambani, tukaichukua bila ruhusa, tukaitoboa. Ya sita ilikuwa ya mama kijana aliyejifungua wiki ile. Tuliisikia stovu ikivuma ndani hata kabla ya kubisha hodi, na mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kuzuia upepo. Alitoka, akapiga goti kama ilivyo adabu ya kwetu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," alimwita, yaani mama. "Zima hiyo stovu."

Baba alimweleza habari za saruji na mshono. Yule binti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa upole. "Baba, si wewe mwenyewe ulisema ni nzito? Labda mama alipampu kupita kiasi. Maji ya mtoto yanakaribia kuchemka, nikiizima nitamwogesha na nini?"

Baba hakubishana. Aliiweka fimbo yake chini, akapiga goti kwenye vumbi mbele ya yule binti aliyelingana na mjukuu wake. Sijawahi kuona mzee wa Kisukuma akimpigia goti mwanamke kijana, wala sijaona tena. Yule mama aliingiwa na hofu kubwa kuliko ambayo moto ungemtia. Alikimbilia ndani, na mvumo wa stovu ukakatika.

Nilidhani tumemaliza. Alirudi mlangoni amembeba mtoto, ananitazama mimi, maana baba bado alikuwa chini.

"Dada yangu wa Kharumwa aliniagiza nimnunulie na yeye," alisema. "Nilimpelekea kabla sijajifungua. Hiyo sikuileta kwenu, maana ya kwangu baba alishainyanyua."

Baba aliinuka, akauliza njia, akaazima baiskeli. Alifika Kharumwa kesho yake alasiri. Alinisimulia mara moja tu, miaka mingi baadaye, kwamba hakuhitaji kuulizia nyumba. Watu walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka, wanawake upande mmoja na wanaume upande mmoja. Aliiegemeza baiskeli kwenye ua, akaenda akaketi na wanaume.