Kontena Mlangoni kwa Mama

Watu wa mtaa wa Donholm wakikuona unabomoa ukuta, kila mmoja anakuwa mtaalamu wa kifusi. Jirani wa kushoto aliniambia nitafute vijana wa mkokoteni, wabebe na wajue wenyewe watakapomwaga. Fundi wangu alitaka lori la tipa, llipakiwe mara moja liondoke. Nilikataa yote mawili. Mkokoteni ungeenda kumwaga uchafu wangu kando ya mto, na tipa ingetaka kila kitu kiwe tayari kwa siku moja, ilhali fundi huyohuyo alikuwa akibomoa nusu ukuta kisha anaenda kunywa chai hadi saa tisa. Nikaamua kukodi kontena, lile sanduku la chuma lililo wazi juu, ambalo lori hulishusha kwako, likakaa siku kadhaa likijazwa, kisha lori likarudi kulichukua.

Nyumba si yangu, ni ya mama. Alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga, na daktari alisema angeruhusiwa kurudi nyumbani Jumamosi, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ndiyo maana tulibomoa ukuta kati ya choo na bafu, tukang'oa vigae, tukapanua mlango wa mbele, na juu ya ngazi tukamwaga mteremko wa saruji wa kumpandishia. Nilitaka jambo moja tu: mama aingie kwake kwa mlango wa mbele bila kubebwa. Yeye mwenyewe alikuwa amelisema kitandani hospitalini, kwamba watu wamembeba vya kutosha, wengine watambeba siku ya kumzika.

Kazi ya kuchagua kontena niliifanya vizuri, na nasema hivyo bila aibu. Nilihesabu wilbaro za kifusi cha siku ya kwanza, nikakadiria zilizobaki, nikachagua la ukubwa wa kati kwa sababu kubwa lisingepita getini. Nikapima uwanja. Nikachora mstari wa chokaa kando ya ua, mbali na mteremko, nikaupiga picha na kuituma kwa wenye kontena. Bwana wa ofisini aliyepokea simu yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa madam. Na mzee wa nyumba ako, niconfirm na yeye?"

Nikamwambia hakuna mzee, ni mimi. "Ni sawa tu," akasema, kwa sauti ya mtu anayemvumilia mtoto.

Lori lilikuja Ijumaa nikiwa nimempelekea mama uji hospitalini. Niliporudi saa kumi nilisimama getini. Kontena lilikuwa limekaa mbele ya mlango kabisa, kona yake moja imekanyaga saruji yangu mpya, na tayari lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Mstari wa chokaa ulikuwa palepale, mweupe, haujaguswa na mtu.

"Nani ameshusha hii kitu hapa?"

"Dere wa lori aliniuliza aweke wapi," fundi akasema akijipangusa vumbi. "Nikamwonyesha hapo. Si ni karibu na kazi, madam? Hatuzunguki na wilbaro."

"Na kesho mama atapita wapi?"

"Si aingilie tu jikoni? Tutambeba. Hata si mzito."

Nilimtukana. Sitayaandika niliyoyasema, maana mimi ni mtu wa kanisa, lakini niliyasema yote na jirani wa kushoto aliyasikia. Dereva alikuwa na picha yangu kwenye simu. Alikuwa na namba yangu. Aliyaruka hayo yote akamwuliza mwanamume wa kwanza aliyemwona, mwanamume ambaye hata si wa nyumba ile, na huyo naye akajibu bila haya, kana kwamba saruji ile alimmwagia mamake yeye.

Nikapiga simu ofisini. Nikaambiwa lori lina kazi nyingine, litarudi Jumatatu. Nikaeleza habari ya nyonga, ya kiti, ya mlango wa jikoni wenye ngazi tatu na korido isiyopitisha hata stuli. "Pole sana madam. Jumatatu asubuhi." Nikapiga tena jioni. Jumamosi nikapiga saa moja asubuhi, nikapiga saa mbili, na hiyo ya saa mbili yule bwana wa ofisini akaniambia, "Madam, punguza makali. Hebu nipee mzee tuongee."

Nilikata simu, nikachukua sepetu, nikaanza kukitoa kifusi mwenyewe, nikiwa nimevaa nguo za kwendea hospitali, nikivirusha vigae kwenye maua ya mama. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimetoa karai mbili hivi. Kontena halikuonyesha dalili yoyote ya kupungua. Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka, na niliyachukia machozi yale kuliko kontena lenyewe.

Hapo ndipo nilipofanya jambo linaloniuma mpaka leo. Nilimpigia mdogo wangu wa kiume anayeishi Kisumu, ambaye tangu tuanze ukarabati hakuwa ameuliza hata kama fundi amepatikana. Nikamtumia namba ya ofisi. Hakujua kontena ni la ukubwa gani wala limekaa upande gani. Aliongea nao kama dakika mbili, kisha akaniandikia: "Wanakuja."

Nilikwenda kumchukua mama. Teksi yetu ilipofika getini, lori lilikuwa tayari uani, minyororo imeshafungwa. Dereva akaja dirishani akitabasamu. "Boss ako wapi? Yule mwenye nyumba alipiga simu. Mwambie tumefanya vile alisema."

Mama alinitazama.

Kontena likainuliwa, likatoka. Kona ya mteremko ilikuwa imebomoka kidogo lakini kiti kilipita. Nilimsukuma mama mpaka juu, akaingia kwake kwa mlango wa mbele, hakuna mkono wa mtu uliomwinua. Kwa muda mfupi nilifurahi sana. Akajipeleka bafuni, akashika chuma tulichomwekea ukutani, akakivuta kwa nguvu kuona kama kitashika. Kilishika.

"Mwenye nyumba aliyepiga simu ni nani?" akauliza, bado ameshika chuma.

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, mstari wa chokaa, simu zote, sepetu, nikidhani atawakasirikia pamoja nami.

"Hii nyumba niliinunua mimi," akasema. "Karani wa hati alikataa kuandika jina langu, akataka nilete bwana. Nilikaa kwa ofisi yake siku tatu. Nilikuwa na wewe mgongoni. Siku ya tatu akaliandika."

"Lakini mama, wewe ni mgonjwa. Ningekuacha nje kwenye jua mpaka Jumatatu?"

"Jirani ana kitanda," akasema. "Mimi ningengoja. Ni wewe ulichoka."