Jina la Kanga Yangu

Majirani zangu watatu walikuja harusini wamevaa kanga niliyoichapisha niiuze, na wote wamelikunja jina, yale maneno ya kanga, ndani lisisomeke. Nilikuwa nimewaomba wanivalie, maana miaka ile ya tisini kanga ya mtu asiye na duka Biashara Street, mtaa wa kanga Mombasa, hainunuliwi mpaka ionekane mwilini. Maneno niliyatunga mwenyewe: "Nimekufungulia mlango, mbona wapitia dirishani?"

Nilipowagawia, jirani wa mkabala aliyasoma mara mbili.

"Dirisha la nani hili, bibi?"

"La yeyote, shoga."

"Dirisha litazamalo kwako ni langu tu. Wanitukana, kisha nikuvalie?"

Wenzake wawili walicheka, wakazipokea zao kwa furaha; naye akaondoka na yake amenuna.

Harusini hakuna hata mmoja wao aliyenisalimu. Majora yalibaki uvunguni, na mpaka leo sijui yule wa mkabala aliwaambia nini wale wawili.