Maji Yenye Nilichunga

Mwaka moja na zaidi nililala juu ya maji. Haikuwa maji ya kunywa. Ilikuwa maji ya sindano, ile ya ndani ya ampule ya kioo, yenye tunachanganyaka na dawa ya unga mbele ya kumupiga mugonjwa sindano. Karton mbili, chini ya kitanda yangu, mu nyumba ya mama ku Butembo. Dawa ya unga bila maji ile ni vumbi tu, na maji bila unga haiponyeshe mutu. Ile kila infirmière, muuguzi, anajua, na mimi nilijua mbele ya kujua ingine yote yenye nitasema hapa.

Wakati ile ya vita nilikuwa natumika mu kituo ya afya ya kanisa yetu. Mukubwa yetu tulimuitaka Titulaire. Alikuwa muzee ya Beni, shemasi, mutu ya sauti ya polepole. Ni yeye alinifundisha kushika sindano wakati nilitoka tu masomo. Aliniita mutoto yangu, na mimi nilimuita Papa. Papa yangu mwenye alinizaa alikufa nikiwa mudogo, donc neno ile sikuisema ovyo.

Basoda balipora kituo mara mbili. Kwanza ba kundi moja, kisha ba kundi ingine, na majina yao sitaki hata kuiweka mu kinywa. Mara zote mbili balibeba unga yote, magodoro, hata pazia ya chumba ya kuzalia. Maji balitupa mu kiwanja, balikanyaga ampule, bakacheka ati maji iko mingi mu kijito. Na kweli, tulibaki na kijito. Tulichemusha maji yake, tukachanganya nayo kidogo unga yenye ilibakia mu droo. Mwalimu moja alitoka na jipu ku tako, kubwa sawa kiazi, akafundisha miezi mbili akisimama.

Kiisha, ndugu ba kanisa balitutafutia dawa mupya, na Titulaire alileta akili yake mbele ya bashemasi. Unga na maji bisilale tena nyumba moja. Unga atapeleka kwake ku Bungulu, ku Beni, kwenye hakuna mutu atafikiri. Maji itabaki Butembo na mimi. Mwizi akipata moja atakosa ingine. Tuliona ni akili ya Sulemani. Tuliweka mikono juu ya karton, tukaomba, na kituo tukafunga mupaka vita itulie. Yeye akapanda gari kuenda kwake.

Mbele ya kuenda alinionyesha kuchunga. Maji ile haipendi jua, haipendi unyevu, haipendi kutikiswa. Niliinua karton juu ya matofali sababu ya muchwa. Nilijaza nafasi na majani ya mugomba yenye imekauka, ampule zisigongane. Karatasi ya tarehe ilianza kuliwa na ukungu, nikaandika tarehe upya na kalamu juu ya sparadra, ile utepe ya kufunga kidonda. Kila siku ya Mungu, tukitoka kanisani, nilizichukua moja moja mupaka ku dirisha, nikazigeuza polepole mu mwangaza. Nikiona hata uzi mudogo unaelea, ile ampule natupa. Mama alichoka na mimi. Alisema banamuke benzangu banachunga bwana, mimi nachunga chupa, na chupa haitanizalia mutoto.

Na nilikuwa mugumu, sitaficha. Jirani moja alikuja na flakoni, chupa ndogo ya unga yenye alinunua mwenyewe ku soko, mutoto yake anakohoa mupaka mbavu inaonekana. Aliniomba ampule mbili tu. Nilimukatalia. Nilisema maji ile ina unga yake ku Beni inaingojea, siwezi kuvunja neno ya Titulaire. Yule mama hakubishana. Alisema "sawa" na akarudi kwake. Mutoto alipona, Mungu asifiwe, mais mama yule hakunisalimia tena mupaka leo, na ana haki.

Sasa, mudogo yangu, mutoto ya mwisho ya mama, alikuwa ameolewa ku Beni. Alizaa mutoto ya kwanza, musichana, na siku ya ine kisha kuzaa homa ilimukamata. Homa ya kizazi. Ilikuwa siku ya Mungu. Bwana yake alitaka kumubeba palepale juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya miti, amufikishe ku hospitali upande ingine ya mugini. Titulaire alikuwa shemasi mu kanisa yao, alifika kuomba. Alimuzuia. Alisema hospitali imejaa basoda benye balipigwa risasi, mama mwenye amezaa atalala chini ku kibaraza. Na dawa yenye anahitaji iko kwake Bungulu, inakosa maji tu. Shemeji yangu aliteremusha bibi yake ku chukudu akamurudisha ku kitanda.

Kesho yake asubui baliniita ku foni ya kanisa, ile redio ya kuitana kutoka misioni moja mupaka ingine. Nilisikia sauti ya Titulaire mwenyewe. Alisema mudogo yangu anagonjwa, homa ya kizazi. Nilimuuliza kama unga ingali muzuri. Alisema, "Unga iko, mutoto yangu. Leta maji."

Nilifunga ampule makumi mbili mu blanketi ya mutoto, nikaweka mu kikapo, nikajaza maharagi juu. Siku ile hakuna gari hata moja ilikubali kuenda Beni. Kesho yake, siku ya pili ya juma, nilitembea tangu alfajiri, kisha kamyo moja ya viazi ikanipandisha. Ku barrière, kizuizi ya basoda mu barabara, soda moja aliingiza mukono mu maharagi akatoa ampule. Aliuliza ni nini. Nilisema ni maji. Hakuamini, akavunja shingo yake akakunywa, akatema. Alisema haina hata chumvi, na benzake bakamucheka sana. Balinirudishia kikapo. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Nilifikiri ndani yangu: Papa alikuwa na akili, basoda habaibi maji.

Nilifika saa tisa. Mudogo yangu alikuwa bado anasema. Aliniambia nimuangalie mutoto, ana pua ya mama. Mwili yake ilikuwa inawaka, na harufu ya chumba ile nilijua ni ya nini. Nilitoka mbio mupaka kwa Titulaire.

Alikuwa amekaa inje ya nyumba. Aliponiona hakusimama. Nilimuonyesha kikapo, nikasema maji yote muzima, alete unga. Alisema ufunguo iko na bibi yake, na bibi yake ameenda shamba. Nilisema tuvunje kufuli, nitailipa. Alisema tukae kwanza, tuombe. Nilipita karibu yake nikaingia mu chumba ya nyuma. Karton ilikuwa pale juu ya kabati, na jina ya kituo yetu juu yake. Haikufungwa na kufuli yoyote. Niliishusha, na mbele hata ya kuifungua mikono yangu ilijua, sababu haikuwa na uzito.

Alisimama ku mulango. Alisema ile unga iliisha tangu mwezi ya kwanza kisha kuileta kwake. Mukubwa moja ya basoda alisikia, akakuja, na yeye akamupa yote ili bamuache na nyumba yake. Sikia, ile ningemusamehe. Bunduki naijua, sisemi mutu afe juu ya flakoni. Mais nilimuuliza: ku foni jana, ulisema nini? Uliniambia unga iko. Ulimuteremusha mudogo yangu ku chukudu.

Alijibu akiangalia chini, "Bashemasi balikuwa bamesimama pale. Nilifikiri hautafika."

Sikuelewa. Nilimuomba arudie.

"Nilikuwa naomba barabara ifungwe, mutoto yangu. Ingefungwa, hakuna mutu angeuliza."

Roho ya mutu ni pori, banasemaka, na mimi niliishi miaka pembeni ya pori ile nikiita Papa. Alinijua mimi ni mutu ya kufika. Alijua vile ninachunga. Kwa hiyo aliomba Mungu anizuie, na mudogo yangu afe na vita ibebe kosa. Nilitaka kumupiga na karton ile, na sikumupiga, sababu wakati haikuwa yangu ya kupoteza.

Tulimubeba mudogo yangu ku hospitali juu ya chukudu ileile. Unga ilikuwa pale. Docteur aliichanganya na maji yangu, aliangalia ampule mu mwangaza akasema ni safi kabisa. Kisha aliniuliza homa ilianza lini. Nilipomuambia, aliuliza tulikuwa tunangojea nini. Shemeji yangu aliniangalia mimi. Mudogo yangu alipigwa sindano siku tatu, na siku ya tano ya juma akafa asubui, mutoto anamunyonya.

Ku maziko bashemasi balimupa Titulaire neno ya mwisho, sababu ni muzee na batu banamuheshimu. Shemeji yangu alikuwa na uchungu, hakuwa na nguvu ya kukataa. Muzee alifungua Biblia. Na sauti yake ya polepole alisema vita inatula, dada yetu alingojea dawa, mais barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa, na tusimutafute mwenye kosa katikati yetu. Batu balisema amina. Hata mama yangu, mwenye alifika siku ile kwa miguu, alisema amina.

Nilikuwa na mutoto ya mudogo yangu mu mikono. Mu desturi yetu mwanamuke hakati neno ya shemasi mbele ya kaburi. Nilimupa mama mutoto, nikatembea mupaka mbele.

Nilisema, "Barabara ilikuwa wazi. Nilifika siku ya pili ya juma, saa tisa."