Mikono Nyuma

Mkasa huu nimekwepa kuusimulia tangu muhula uliopita, na kama mmesikia kwamba niliketi ndani ya sufuria ya uji mbele ya wazazi wote, ni kweli, lakini hiyo ndiyo aibu ndogo.

Nafundisha chekechea kijijini, nje kidogo ya Garsen, na katika shule zote za jirani mwanamume wa kazi hii ni mimi tu. Vijana wenzangu wakinikuta kibandani nakunywa chai huniita Mama Ticha, wananiuliza kama watoto wameshalala (nacheka nao, nifanyeje, ukikasirika ndipo jina linashika). Hayo niliyazoea. Lililonichoma ni siku ya mkutano wa wazazi, aliposimama Mama Jillo, mtu mzima anayemlea mjukuu wake Rehema wa miaka minne, akauliza: "Mwanamume mzima, mashamba yapo, mto upo, yeye anatafuta nini kwa watoto wadogo?" Hakuna aliyemjibu, hata mimi mwenyewe. Nilitazama viatu vyangu tu.

Basi nikafanya uamuzi, mdogo tu: sitamgusa mtoto tena. Mikono nyuma, kama askari wa gwaride. Kufuta kamasi, kufunga viatu, kubembeleza, yote nikamwachia mwenzangu Mwalimu Salome, na mtoto akinikimbilia narudi nyuma hatua moja. Nilijiona mwerevu kweli, maana maneno yalipungua na kazi yangu ikabaki.

Siku ya kufunga shule wazazi walijaa uwanjani. Mwalimu Salome alikuwa ameenda barabarani kumpokea mgeni, na Rehema akasimama mbele kutoa shairi lake, mistari minne tu, akasema wa kwanza, akaona yale macho yote, akalia. Kisha akanikimbilia na mikono juu: "Mwalimu, nibebe!"

Nikarudi nyuma hatua moja. Akanifuata. Nikarudi tena, huku natabasamu kwa wazazi ili waone kwamba simgusi (ndiyo, ndilo nililokuwa nawaza, mtoto analia na mimi nawaza macho ya watu), nikarudi ya tatu, na nyuma yangu mpishi alikuwa ameiweka chini sufuria kubwa ya uji ipoe, sasa imebaki vuguvugu tu. Chubwi! Nikaketi ndani, suruali yangu ya pekee ya heshima, na uji wa watoto wote ukamwagika. Uwanja ukapasuka kwa kicheko. "Mama Ticha kaukalia uji!" kijana mmoja akapiga kelele.

Rehema hakucheka. Alikuwa bado anakuja, akateleza kwenye ule uji, akagonga mdomo kwenye jiwe la jiko, damu ikatoka. Akainuka, akaninyooshea mikono tena. Nami, nimekaa pale kwenye uji, nikaficha yangu nyuma ya mgongo. Kicheko kikakatika.

Mama Jillo ndiye aliyekuja kumwinua. Alimfunga mgongoni kwa leso, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, mtoto kakuinulia mikono mara ngapi?"

"Mama, wewe mwenyewe ulisema, kule mkutanoni."

Alikaza fundo la leso. "Nilisema, sikatai," akajibu polepole. "Lakini huyu mtoto hakuwa mkutanoni."

Akaondoka naye. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Likizo yote nilijitetea moyoni, kwamba kosa ni lao, na kweli kosa lao lipo, silifuti. Lakini shule ilipofunguliwa, Rehema alifika mlangoni na kovu dogo juu ya mdomo. Hakunikimbilia. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu, akaweka mikono yake midogo nyuma ya mgongo, sawasawa kama mimi, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Muhula mzima nilimfundisha herufi na hazikumkaa, lakini hilo alikuwa amelishika vizuri.

Niliumia, sitawaficha. Nikapiga magoti pale mlangoni, wazazi wakinitazama, nikafungua mikono na kungoja, naye alichukua muda mrefu kuja. Waniite watakavyo, wasimame mkutanoni waulize tena, safari hii nitawajibu. Ila mtoto akiniinulia mikono, sirudi nyuma tena.